Mpini wa Bastola ya Babu

Nesi, kama alivyoitwa na ukoo mzima, alikuwa mtu wa vidonda. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika wodi ambayo wenzake waliingia wameziba pua, na hakuwahi kukunja uso mbele ya mgonjwa.

Baba yake alipofariki, alimwachia nyumba, kabati la vyombo, na bastola ya babu, ile ya silinda ya risasi sita, imeviringishwa kwenye kipande cha flana. Habari zake kila mtu wa ukoo alizijua. Babu alimwua chui mla watu kwa bastola hiyo, peke yake, kwenye shamba kubwa la kampuni alikokuwa mnyapara. Kila penye harusi, baba mdogo alisimama kuzisimulia, na kila mwaka yule chui alizidi kurefuka.

Polisi walimwambia kibali cha kuimiliki hakitoki bila karatasi ya fundi wa silaha, inayoeleza ni bastola gani, ya zamani kiasi gani, na kama bado inafyatua. Wakampa barua, akaenda kwa fundi Jumanne asubuhi.

Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Aliizungusha silinda, akahakikisha ni tupu, akamulika ndani ya mtutu kwa kurunzi.

"Hii ilifanya kazi gani, sista?"

"Ilimwua chui."

"Basi alikufa kwa kicheko. Mtutu huu ni kama umetoka kiwandani jana. Sidhani kama umepitisha risasi kumi."

Nesi naye akacheka. Fundi akaigeuza. Kitako kilikuwa kimebondeka, na mbao za mpini zilikuwa na nyufa zilizofungwa kwa waya mwembamba.

"Lakini huku kumetumika," alisema. "Nina nyundo zenye nafuu kuliko hii."

"Labda alipigilia misumari."

"Msumari ungeacha vishimo. Kitako hiki kilipiga kitu kigumu kilichofunikwa na kitu laini."

Alikata waya, akalegeza skrubu, akabandua mbao. Chini yake palikuwa na utando mweusi, mnene kama masizi ya sufuria. Kwenye fremu zilichongwa herufi za kampuni na namba ya mnyapara.

"Wanyapara walipewa bastola," fundi alisema polepole. "Risasi walinyimwa."

Alipodondosha mafuta kwenye utando ule, ukalainika na kutoa harufu. Kwa kibano akavuta kitu kwenye ufa. Nywele. Fupi, zimegandamana, nyingine nyeupe. Nesi hakuhitaji kuelezwa. Nywele za namna hiyo alikuwa amezitoa kwenye vichwa vya majeruhi mara nyingi. Akakumbuka kwamba njiani alikuwa ameushika mpini ule kwa kiganja kizima, tena kwa fahari. Aliwahi sinki ya fundi, akatapika mpaka nyongo.

Mchana huohuo alimkuta baba mdogo mezani, anafyonza mfupa, akamweleza kilichotoka ndani ya mpini.

"Nani kakutuma uifungue?" baba mdogo aliuliza.

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, watu wa shamba walikuwa wavivu. Babu yako aliwagonga kidogo tu, waamke." Akaugonga mfupa juu ya meza, ko, ko, akacheka na mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Wengine walikuwa na mvi, baba mdogo."

"Hata mwenye mvi hulala."

"Na baba?"

"Ule waya unadhani aliufunga nani?"

"Na chui je?"

"Chui nilimtunga mimi, kwenye harusi ya wazazi wako. Watu walifurahi. Sasa kama hiyo bastola inakutia kichefuchefu, nipe mimi niitundike sebuleni."

Alinyoosha mkono ule ule wenye mafuta. Nesi aliondoka bila kuaga.

Alirudi kwa fundi, akamwomba aandike kila alichokiona, asifiche neno. Siku ya tatu aliisalimisha bastola polisi, akasubiri mbele ya msumeno hadi ikakatwa vipande vinne. Baba mdogo alipopata habari, alitangaza kwa ndugu wote kwamba mtoto wa kaka yake ameutukana ukoo. Shangazi wawili wakaacha kupokea simu zake.

Zile nywele fundi alizitia kwenye bahasha. Nesi alizipeleka kwenye makaburi ya hospitali, upande wa wasio na ndugu. Karani alifungua daftari, akauliza jina la marehemu.

"Sijui," alisema Nesi. "Si mmoja."

"Na wewe ni nani wao?"

Shingo ilimwinama kwa aibu.

"Andika mjukuu wa mnyapara," alisema, kisha akaomba jembe.