Mwanga Unaonong'ona

Tangu alipojua kusema, mtoto yule hakuwa amepata kunyamaza, ndiyo maana nyumba nzima ikamwita Chiriku. Lakini baada ya kupasuliwa jicho, kila mama yake aliposhika kichupa cha dawa, Chiriku alijikunja kitandani, kope amezibana kama mlango uliotiwa komeo.

Chumba kiliwekewa mapazia mazito kwa agizo la daktari. Gizani mama haoni jicho lilipo. Akiwasha tochi, mtoto anafumba, na tone linateremka shavuni. Daktari hakuzunguka maneno: dawa isipoingia, jicho hilo litapotea.

Mama akaenda kwa wifi yake, fundi wa tochi.

"Balbu haina kosa, wifi," fundi alisema akiifungua. "Hapa ndani kuna chipu, na kwenye chipu kuna programu inayoiambia iwake kiasi gani. Nitaiandika upya."

Akaiunganisha na kompyuta kwa nyaya nyembamba, akapanga ngazi za mwanga, kila moja ikiizidi mwenzake kwa kiasi kilekile. Pale dukani, mchana kweupe, ngazi ya chini ilionekana kama kaa linalozimika. Mama akarudi nyumbani moyo mwepesi.

Chumbani, kaa likageuka jua.

"Inapiga kelele, mama," Chiriku alilia. "Izime, inapiga kelele."

Mama akapiga simu. Wifi hakuitwa mara mbili. Alifika na kompyuta kwapani, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Nimejitakia mwenyewe," alisema. "Mwanga wa gizani nimeupimia juani. Na jicho halihesabu kama kompyuta. Huku chini ukiongeza chembe tu linashtuka. Kule juu unaongeza wee, halina habari."

Alipoambiwa neno la mtoto, hakucheka. Alichuchumaa kando ya kitanda. "Basi utanisaidia, mpenzi wa shangazi. Niambie ipi inapiga kelele na ipi inanong'ona."

Ili mwanga wa kioo cha kompyuta usimuumize mtoto, akajifunika blanketi yeye na mashine yake, miguu tu na tochi kwenye nyaya zake vikabaki nje.

"Wifi, ukiishiwa pumzi humo, kaka yako nitamwambia nini?"

"Mwambie nimefia kazini, anizike kwa heshima. Haya, Chiriku, hii?"

Mtoto alichungulia kwa upenyo wa kope. "Inaongea."

Blanketi likatikisika, vidole vikagonga. "Na hii?"

"Inaongea polepole."

Akashusha tena. Tochi ikakataa kuwaka kabisa.

"Imelala," alisema Chiriku, akacheka, na mama akageukia pazia ili asionekane uso. Kumbe giza nalo lilikuwa na ngazi, na kulikuwa na mtu wa kuzitafuta moja moja, akimsikiliza mtoto kama mtu anayesikiliza daktari.

Wifi akapandisha chembe moja.

"Hiyo inanong'ona," Chiriku alisema.

"Basi hapo hapo. Na tochi hii ilikuwa na tabia ya kukumbuka mwanga iliozimwa nao. Hiyo nimeiondoa. Itumieni jikoni kwa mwanga wote mkitaka, mkiiwasha tena itaanza na mnong'ono."

"Nikisahau kuipunguza je?"

"Wewe sahau tu, wifi. Na yenyewe imefundishwa kusahau."

Mama akashika tochi kwa mkono wa kushoto. Katika mwanga ule mdogo kope zikaachana taratibu, na jicho likaonekana lote, jekundu pembeni, majimaji, likimtazama yeye. Akabonyeza kichupa.

"Baridi," Chiriku alisema.

"Imeingia?" wifi aliuliza kutoka ndani ya blanketi.

Mama alitamani amkumbatie pamoja na kompyuta yake, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini. Akainama tena, akatazama vizuri.

"Imeingia, wifi. Imeingia yote."