Vigari Vilivyozama Qurum

Kabla Hajar binti Zahor hajaajiriwa pale, vigari vya umeme vya hoteli vilikuwa vikitumia betri za tindikali, zile nzito za kuongezwa maji kila mara. Hoteli ilikuwa ufukweni Qurum, mtaa wa Maskati, Omani. Kutoka lango kuu hadi vyumba vya mwisho palikuwa mbali, kwa hiyo wageni na mizigo yao walibebwa kwa vigari hivyo, vya namna ile wanayotumia wacheza gofu. Theodora, mama wa Kitanzania kutoka Bukoba aliyekuwa mkuu wa madereva, hakuwa na sketi ya kazi isiyotobolewa na tindikali.

Hajar alisomea uhandisi wa umeme, na alikuja kazini na wazo lake: betri za lithiamu. Ni nyepesi, zinajaa upesi, hazimwagiki. Alihangaika karibu mwaka mzima kuwaelewesha wakubwa, na mwanzoni mwa mwaka 2007 wakamkubalia vigari vinne vya majaribio. Siku ya kwanza Theodora alipandisha kimoja kilima cha mkahawa kikiwa kimejaa watu, na kikapanda kimya kimya kama hakikubeba kitu. Aliposhuka alimpa Hajar mkono, wakacheka wote wawili. Baba yake Hajar, Mzee Zahor, mtu wa Unguja aliyestaafu serikalini Maskati, aliwasimulia wenzake msikitini habari za vigari hivyo kama mtu anayesimulia habari za wajukuu.

Juni mwaka huohuo kikaja kimbunga Gonu.

Mvua ilinyesha kama haitakatika tena. Maji ya wadi, yale mabonde ya mito iliyokauka, yaliteremka kutoka milimani, bahari nayo ikapanda, yakakutana Qurum. Hajar alikwama kwao, simu haishiki, barabara imekatika. Maji yalipopungua alivaa mabuti ya baba yake akaenda kazini kwa miguu, akipita magari yaliyopinduka na miti iliyolala barabarani.

Alikuta hoteli imejaa watu. Majirani waliopoteza nyumba zao walikuwa wamelala kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, wazee na watoto, juu ya magodoro ya wageni. Chini ya ukumbi huo ndipo palipokuwa na gereji ya vigari. Maji yalikuwa yameingia humo mpaka kwenye viti, yakatoka, yakaacha tope na harufu ya chumvi.

Theodora alikuwamo ndani na kitambaa mkononi. Alikuwa amelala hotelini siku zote za kimbunga. Vile vigari vya zamani vilikuwa vimekufa kabisa, lakini vinne vya lithiamu alikuwa amevifuta vikang'aa.

"Dada Hajar, njoo uone," alisema. Akageuza ufunguo wa kimoja, na taa ya mbele ikawaka. "Vimelala kwenye maji na bado vina moto. Betri zako si mchezo."

Hajar alijisikia vizuri mno. Kwa muda aliiangalia ile taa tu, akasahau uchovu wa miguu. Kisha akamwambia Theodora azime, akainama.

Ndani ya sanduku la betri mlikuwa na sauti ndogo, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Pembeni, pale kifuniko kilipokutana na sanduku, vipovu vilikuwa vikitoka kimoja kimoja. Alisogeza kiganja karibu, bila ya kugusa. Palikuwa na joto.

"Umewasha vingapi?"

"Hiki tu. Kwani kuna nini?"

"Usiwashe tena. Weka kitambaa chini, uje huku nje na mimi."

Mlangoni wakakutana na Khattab, meneja wa uendeshaji, ambaye naye wazee wake walitoka Unguja. Dishdasha yake, ile kanzu ya Kiomani, ilikuwa na tope mpaka magotini, na macho yalionyesha kuwa hajalala.

"Alhamdulillahi umefika," alisema. "Huko barabarani kuna wazee hawawezi kutembea, na gari hazipiti kwenye tope. Jenereta inafanya kazi. Tuvitie chaji vigari vyako, viwalete."

"Havitiwi chaji, Khattab. Na humu ndani havikai."

"Vinawaka. Nimeona taa kwa macho yangu."

"Vinawaka, lakini maji ya chumvi yameshaingia ndani. Umeme unapita pasipo njia yake, betri zinajipiga shoti zenyewe kidogo kidogo. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa wiki ijayo, zitashika moto. Na moto wake si wa kuzima kwa ndoo, na moshi wake ni sumu. Juu yetu wamelala watu."

Khattab alitazama dari, kisha vigari. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetwambia betri hizi ni bora kuliko zote," alisema, si kwa ubaya. "Mwaka mzima unatwambia."

"Ndiyo. Na sasa nakwambia tuzitoe."

Maneno hayo hayakumtoka kwa wepesi. Alijua akivitoa nje vigari vile, hakuna atakayevirudisha kazini, na jina lake lilikuwa limefungwa navyo. Kama angekaa kimya, pengine vingekauka, pengine visingefanya kitu. Juu ya vichwa vyao mtoto alikuwa akikimbia, na miguu yake ilisikika kwenye dari.

"Tuvipeleke wapi?" Khattab akauliza.

"Uwanja wa kuegesha magari, kule mwisho, kwenye mchanga mtupu. Mbali na nyumba, mbali na magari, na kila kimoja mbali na mwenzake. Tunavisukuma. Hakuna kuwasha hata kimoja."

Khattab akakunja mikono ya dishdasha. "Wazee tutawabeba kwenye viti," alisema, akaenda kuita wahudumu na wapishi.

Hajar aligawa glavu za mpira, akakataza mtu yeyote kugusa masanduku ya betri. Theodora alishika usukani wa kigari cha kwanza huku wengine wakisukuma nyuma. Tope liliwafika vifundoni, magurudumu yakawa yanateleza. Kile cha taa, kilichokuwa na vipovu, kilikwama kwenye mteremko wa mlango wa gereji, nusu nje nusu ndani, na ile sauti ya kuchemka ikazidi. Mpishi mmoja akaachia mkono akarudi nyuma.

"Mwache apumzike," Hajar alisema. "Nipeni kamba."

Akaifunga kwenye chuma cha mbele, akawapanga watu kwa mbali, upande unakotoka upepo. Theodora akahesabu kwa Kihaya, na ijapokuwa hakuna aliyeelewa hesabu yake, wote walivuta pamoja. Kigari kikatoka. Walipofika mchangani Hajar alihakikisha kila kigari kiko mbali na mwenzake. Akazungushia uwanja kamba nyingine na kuweka walinzi wa kupokezana.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, mlinzi alipiga kelele. Moshi mweupe ulikuwa ukitoka chini ya kiti cha kile kigari cha taa. Ukawa mzito, kisha ndimi za moto zikachomoza kwa kasi na mlio mkali, na muda si mrefu kigari kizima kilikuwa moto mtupu, plastiki ikidondoka. Watu wa ukumbini walitoka kutazama. Hajar aliwasimamisha wote upande unakotoka upepo, hakumruhusu mtu kusogea. Kigari kikaungua mpaka kikabaki vyuma. Jua lilipokaribia kuzama, cha pili nacho kikawaka, peke yake, mbali na kila kitu.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja mtu mzima, aliyebebwa jana yake kwenye kiti, aliangalia ule moto, kisha akaligeukia jengo alimokuwa amelala. Akamshika Hajar mkono na hakuuachia kwa muda.

Mzee Zahor alifika siku ya pili yake, kwa miguu vilevile. Hajar alimpeleka uwanjani akamwonyesha vyuma.

"Ndivyo hivyo, baba. Vile ulivyowasimulia watu."

Mzee akavizunguka kwa mbali, mikono nyuma. "Na hivi pia ntawasimulia," alisema. "Nna mtoto aliyevileta, na alipoona vina khatari, akavitoa mwenyewe kwa mikono yake. Unadhani nini kizuri zaidi kukisimulia?"

Hajar alitazama pembeni ili baba yake asimwone akilia.

Hoteli ilipoanza kukarabatiwa, wakubwa walimwita. Walitarajia aseme warudi kwenye tindikali. Alisimama mbele yao akasema anataka lithiamu tena.

"Betri hazikuwa na kosa," alisema. "Tulizilaza pabaya. Nataka banda la peke yake, mbali na jengo, juu ya msingi mrefu maji yasiufikie, lenye hewa. Nataka masanduku yasiyopitisha maji, na kifaa cha kukata umeme joto likizidi. Na nataka mtu wa kulisimamia banda hilo, ambaye akisema kigari hakitoki, hakitoki, hata akiulizwa na meneja."

"Mtu huyo ni nani?" aliuliza Khattab, aliyekaa pamoja nao.

"Theodora. Nitamfundisha mimi."

Wakamkubalia, naye akamfundisha Theodora msimu wote wa joto. Theodora alijifunza kusoma vipimo, kunusa, kutazama sanduku lililovimba, kujua lini kuchomoa chaja na lini kukimbia. Banda lilipokamilika, ufunguo wake ulikaa kiunoni mwake.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya wageni wengi, Khattab alishuka bandani kuchukua kigari pekee kilichobaki ampelekee mgeni wake mkubwa. Hajar alikuwa dirishani kwenye ofisi ndogo ya mwinukoni, karibu na banda, akisikia kila neno.

"Hiki hapana," Theodora alisema. "Jana kiligonga ukingo, sanduku limebonyea. Mpaka nikichunguze."

"Theodora, mgeni anasubiri. Ni mwendo wa dakika mbili."

"Najua, bosi. Lakini hakitoki."

Hajar aliweka mkono juu ya kitasa cha mlango, kisha akauondoa. Hakukuwa na haja ya kushuka. Khattab akaitikia kwa kichwa, akaenda kumsindikiza mgeni wake kwa miguu, akimbebea begi. Theodora akavaa glavu zake, akainama kwenye lile sanduku, akaanza kazi.