Mtungi wa Manteúdo

Kijijini kwao hakuna anayeonja divai mpya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino. Asubuhi ya sikukuu hiyo Leonilde alipiga magoti mbele ya mtungi wa udongo uliomzidi kimo. Alikuwa ameujaza manteúdo peke yake, zabibu nyeupe zinazostahimili jua kali lakini wanunuzi huzilipia bei duni kama ya chumvi. Baba yake, Belchior, alikuwa amekwisha kumwita mwenye trekta: divai ikiwa mbaya, mizabibu ing'olewe, ipandwe mizeituni.

"Toboa, mwanangu. Siki haigeuki kwa kuombewa."

"Mwache, mzee," alisema Eusébio wa trekta. "Mimi siki naipenda kwenye kachumbari."

Leonilde alitoboa kizibo kilicho ubavuni, karibu na kitako cha mtungi. Divai ilitoka nzito kama maji ya mtaro, na Belchior akaguna. Lakini maganda ya zabibu yaliyotuama ndani yalianza kuichuja, na polepole ikaja angavu, rangi ya asali, bila mkono wa mtu. Ilinukia ganda la chungwa.

Belchior akanywa. Akavua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Hii imetoka shambani kwetu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye ile mizabibu ya kilimani, baba."

Eusébio naye alimaliza kikombe chake, akabaki akikitazama ndani.

"Trekta langu limeharibika, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nijazie tena."

Belchior hakubisha. Alipiga goti kando ya binti yake, akakinga kikombe.