Mzigo Umepokelewa

Nilda Pagliaro hakuwa mtu wa kuchaguliwa nyanya. Bintiye alikuwa amemwambia mara chungu nzima, "Mama, agiza kwa simu, utaletewa," naye akawa anajibu, "Simu haina pua." Basi asubuhi ya mkesha wa Krismasi, jua la Desemba likiwa limeshaanza kuuchoma mtaa wa Boedo, akaenda supamaketi mwenyewe. Alinusa mananasi, akabonyeza matikiti, akachagua nyanya moja moja kama anayechagua wakwe.

Kubeba ndiko kulikomshinda, maana mgongo ulikuwa umegoma siku nyingi. Kwa hiyo alifanya kama afanyavyo kila wiki: akalipa, akayaacha makreti pale dukani, gari la duka limpelekee nyumbani siku hiyohiyo.

"Kabla ya chakula cha mchana utakuwa navyo, mama," msichana wa kaunta akamwambia bila kuinua macho.

"Krimu isikae juani, mwanangu."

"Haikai, mama."

Nilda akarudi mikono mitupu, moyo mweupe. Nyama ya vitel toné alikuwa ameichemsha tangu jana, ikapoa, akaikata vipande vyembamba. Kilichobaki ni mchuzi wa kuimwagia: samaki tuna, dagaa wa chumvi na hiyo krimu. Katika nyumba ile, Krismasi bila vitel toné ni sawa na harusi bila bibi harusi.

Chakula cha mchana kikapita. Hakuthubutu kuoga, asije akaikosa kengele. Hakuthubutu kulala. Mumewe Osmar, ambaye nyonga ilikuwa imemfunga kitini, alijaribu kumtuliza.

"Wanakuja tu, Nilda."

"Ndivyo ulivyosema tangu tunakula. Wanakuja kwa magoti?"

Hapo feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na umeme ukikatika, lifti imekufa na kengele ya mlango wa chini imekufa nayo. Nilda akakimbilia roshani ya ghorofa ya tatu akasimama akikodolea barabara, jasho likimtiririka mgongoni. Osmar akaita, anataka kusaidiwa kwenda msalani. Akaenda, akamsaidia, akarudi. Barabara ilikuwa vilevile, tupu.

Alipochoka akapiga simu dukani. Akachezewa muziki mpaka sikio likaota moto, kisha mwanamume mmoja akasema, "Mzigo wako umepokelewa, mama."

"Umepokelewa na nani, nami niko hapa nakauka kama shati?"

"Na jirani wa chini. Bi Amanda."

Nilda akaishusha simu polepole. Kati ya watu wote wa jengo lile! Yeye na Amanda Szulc walikuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa nguo zilizokuwa zikichuruzika maji juu ya maua ya Amanda. Wakikutana mlangoni, mmoja hugeuka kutazama ukuta.

"Mshukuru basi," Osmar akasema.

"Nyamaza, Osmar."

Akateremka ngazi gizani, mkono ukutani, akijisemea maneno ambayo hayasemwi mkesha wa Krismasi. Amanda akafungua mlango kabla hajamaliza kugonga.

"Nilijua utakuja. Njaa haina kiburi."

"Nimefuata vitu vyangu."

"Hata habari za mchana hamna? Haya. Yule wa gari alikuwa anagonga kengele isiyolia, anataka kuondoka navyo. Ningemwacha, saa hizi ungekuwa unapika mawe."

Akaanza kumpa kimoja kimoja kizingitini, na kila kimoja na neno lake. "Makaroni. Kumbe unanunua haya ya bei poa. Nanasi, hili limeiva mno. Mvinyo chupa nne! Osmar anakunywa na nyonga ile?"

Nilda akapokea, meno yameumana. Kreti la mwisho lilipokwisha, akapekua tena.

"Krimu iko wapi?"

"Krimu gani?"

"Krimu, tuna na dagaa. Nililipia."

"Nilivyoletewa ndivyo hivyo."

"Amanda, leo si siku ya michezo. Kama umeweka kwenye friji yako, nipe."

Uso wa Amanda ukabadilika. Mzaha wote ukamtoka. "Unaniita mwizi mlangoni kwangu?"

"Nauliza vitu vyangu viko wapi!"

"Panda navyo, Nilda. Panda kabla sijasema." Na mlango ukafungwa.

Akapandisha vitu vile kidogo kidogo, akipumzika kila kona ya ngazi, mgongo ukimlilia. Alikuwa bado anahema jikoni aliposikia mtu akipaza sauti barabarani: "Pagliaro! Bi Pagliaro!" Alikuwa mchukuzi wa duka, kasimama kando ya gari na mfuko mkononi.

Akateremka tena.

"Samahani, mama. Vya baridi tunavifunga peke yake, vikasahaulika nyuma ya gari."

Ndani mlikuwa na krimu, tuna na dagaa. Boksi la krimu lilikuwa vuguvugu kama chai ya mgonjwa. Gari lilipoondoka, Nilda akaingia ndani. Alisimama ukumbini mwa chini, mfuko mkononi, akiutazama mlango wa Amanda. Angeweza kupanda zake tu. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Vile vitu vilibaki kwenye gari."

Nilda akausogelea mlango.

"Nilikukosea, Amanda. Nilichosema hakikustahili."

"Nimesikia," ikajibu sauti ya ndani, na mlango haukufunguliwa.

Jikoni, kwa kuwa mashine ya kusagia haikuwa na umeme, Nilda akaupiga mchuzi kwa mkono mpaka bega likawaka. Krimu ikakatika ikawa mabonge na maji. Akaongeza mayonesi, mabonge yakabaki. Akauonja, akafumba macho, akaumwaga juu ya nyama hivyohivyo.

Jioni bintiye na mkwewe wakafika wakitweta kwa ngazi. Mkwe akatazama sahani, akafungua kinywa.

"Kula," Nilda akamwambia. "Na mtu asiniulize kitu."

Wakala kwa mishumaa. Mkwe akaongeza mara mbili, pengine kwa woga. Nilda mwenyewe hakuigusa. Alikula tikiti, vipande vitatu vikubwa, na lilikuwa tamu kweli.