Tanuri Lisilokuwepo

Siku ile mjinga alikuwa Sendalo, na hata leo, mvi zimemfika kwenye nyusi, hukiri hivyo huku akicheka peke yake. Huikumbuka Zumbera ya wakati huo: mji mwekundu uliojilaza kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi, moshi wa kuni mbichi ukitambaa juu ya mapaa, vyungu vimeanikwa barazani kama watoto waliotoka kuoga, na huko juu kabisa mtawala wake, Mtukufu Ngulimbo, aliyetanguliwa na kitambi chake kila aendako, akimiliki kila alichokiona na kukitamani kila ambacho hajakiona.

Mji ulikuwa na vyuo viwili. Cha Bondeni kilifundisha kwamba chungu si chungu. Ni udongo, maji, moto na upepo vilivyokutana, na vinne hivyo tu ndivyo vya kweli. Cha Kilimani kiliwacheka: hata hivyo vinne vinaegemeana, ukishika kimoja peke yake umeshika hewa. Walibishana mpaka uji ukapoa. Raha iliyoje!

Basi Sendalo wa Bondeni, kijana mwenye ulimi mwepesi, akaitwa ikulu kuonyesha elimu yake. Mtukufu akanyoosha kidole dirishani, kwenye tanuri la Bi Sikitu, mfinyanzi aliyempa Sendalo chumba na chakula bure.

“Kile ni nini?”

“Tanuri hakuna, Mtukufu,” Sendalo akajibu kwa mbwembwe. “Kuna udongo, na—”

“Inatosha. Udongo wote ni wangu.”

Kesho yake askari walifika na sululu, Mtukufu akiwa nyuma yao ndani ya machela, Sendalo akiburutwa kama shahidi. Bi Sikitu, ambaye kwa miaka mingi alipeleka mitungi Kilimani na kusikiliza mabishano mlangoni, alisimama mbele ya tanuri, mikono imejaa tope.

“Karibu, mwalimu. Umekula uji wangu miaka mitatu, leo umekuja kula na jiko?”

“Mama, mimi nilisema ya chuoni tu…”

“Tanuri halipo,” Mtukufu akamkata. “Sasa unalilia nini?”

“Silii, baba. Wala sibishi,” alisema Bi Sikitu, akijipangusa mikono kwenye kanga. “Ila nawe tukuchambue hapa hapa: nyama kwa udongo, damu kwa maji, joto kwa moto, pumzi kwa upepo. Kitakachobaki, hicho ndicho kije kilichukue tanuri.”