Nyumba Isiyo na Chumvi

Chumvi niliitoa nyumbani kwetu kwa mikono yangu mwenyewe. Mama yangu, Weris Barre, ana presha na sukari, mwaka wa kumi na mbili huu, na daktari wa kwanza alimwambia apunguze chumvi. Mimi nikasikia aache. Nikamwaga mkebe mzima nyuma ya choo, na jirani akituletea supu nilionja kwanza. Ikiwa na chumvi, nilimpa paka. Mtaani kwetu hapa Garissa walinisifu kwamba Bilan anajua kumtunza mama yake, nami kichwa kikanivimba.

Mama alizaliwa Sangailu, akachunga ngamia hadi alipoolewa. Alikuwa akiniambia, "Ngamia akikosa chumvi hanyanyuki, Bilan. Tulitembea nao siku nne kuwafikisha kwenye udongo wa chumvi." Nilimjibu kwamba yeye si ngamia. Alilalamika pia kuwa nyayo zinamwaka moto na vidole havihisi zulia. Nikasema ni uzee.

Mwezi wa Shaabani akaanza kutapika, na maneno yakawa mazito kinywani. Asubuhi moja aliniita Kaaha. Kaaha ni dada yake, aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Hooyo, mama yangu, ni mimi Bilan."

Akanitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Sijawahi kuogopa vile.

Kwetu, mtu akipotewa na akili hivyo, tunakimbilia tahlil, maji yaliyosomewa Kurani. Nilimwendea Sheikh Khalif na dumu la lita tano. Aliyasomea kwa moyo safi, akasema mama anywe kidogo kidogo kwa siku saba. Kidogo kidogo! Mimi ni mtu wa kukaza. Nilimnywesha dumu zima kwa siku moja na nusu, kikombe juu ya kikombe, na kila alipogeuza uso nilimwambia hii ni dawa. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, alikakamaa mwili mzima, macho yakageuka, povu likamtoka.

Hospitalini alipozinduka, daktari alimuuliza kama anajua yuko wapi. Akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi iko Sangailu. Ngamia yangu nalala, nakataa kuamka." Daktari alitabasamu. Mimi niliinamisha uso.

"Chumvi ya damu imeshuka mno," alisema matokeo yalipotoka. Kidonge cha presha kilikuwa kinaitoa kwa mkojo, chakula hakikuirudisha, na maji mengi yakaizimua iliyobaki. Tena vitamini B12 ilikuwa imemwishia, huenda kwa sababu ya dawa ya sukari ya miaka mingi. Ndiyo maana nyayo zilimwaka. Kisha akauliza, "Nani anampikia?"

Nilisema ni mimi.

Walibadilisha kidonge, wakamchoma sindano za vitamini, wakairudisha chumvi polepole huku wakimpima damu kila siku. Maji nayo yakawekewa kipimo, vikombe vinne kwa siku, na mlinzi wa vikombe nikawa mimi. Aliomba maji akiniita Kaaha, na Kaaha akamnyima. Siku tisa. Daktari hakuniahidi kwamba mama atanijua tena, na mwishowe niliacha kumuuliza.

Siku ya kumi nilimletea mchuzi wa mbuzi, nimetia chumvi kwa kipimo nilichopewa. Akaunywa wote, kisha akanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji. Nikakisogeza mbali.

"Mpaka alasiri, hooyo."

Akanikazia macho, yale macho yake makali niliyokuwa nikiyakimbia utotoni.

"Kwanza chumvi, sasa maji. Kesho utaninyima nini, Bilan?"

Niliangua kilio, wodi nzima ikageuka. Mwanamke wa kitanda cha pili akamsihi mama asinigombeze, mtoto anajitahidi. Hakujua kwamba nilikuwa nalilia jina langu.