Ukuta wa Kando ya Cherehani

Kata-kata-kata, kimya. Kata-kata, kimya. Kata, kisha kimya kirefu.

Ndivyo nilivyomsikia mama kabla ya kumwona. Ukumbi wa nyumba tunayopanga ni mweusi saa kumi ya alasiri kama ndani ya buti, kwa hiyo mtu hurudi nyumbani kwa masikio. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu ya brashi, shingo inauma kwa kutwa nzima ya kupaka dari za watu. Zamani cherehani ya mama ilikwenda kama mvua juu ya bati. Siku hizi ilikwenda kama mzee anayepanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nitungie sindano. Giza la chumba hiki litaniua."

Nikatunga. Mapajani kwake palikuwa na sare nyeupe ya nesi, mkono mmoja umeshonwa ndani nje.

"Mama, mkono huu umegeuka."

Akaupapasa, akasonya. "Si nimekwambia giza? Unaona mwenyewe."

Niliona. Tangu jirani alipoinua ukuta wake mbele ya dirisha letu, mchana wetu ulikuwa umekatwa nusu. Balbu ilikuwa moja, imevaa vumbi la miaka. Kuta zilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Na dirishani palining'inia pazia zito la zambarau ambalo hata upepo ulikuwa umelichoka.

Wiki ile matroni wa hospitali alikuja mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi. "Mama, tumezoeana miaka kumi na minne. Lakini sare za mwisho zilirudi tatu. Hizi nane zikitoka na kosa, kazi nitampa fundi mwingine. Nazitaka Ijumaa ijayo." Mama alicheka, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunika chakula chake bila kukigusa.

Barazani kwetu hukaa fundi viatu, Mzee Soli, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake cha ngozi.

"Bwana Brashi! Kutwa unawang'arishia watu nyumba, na kwenu mnaishi ndani ya chungu. Mganga hajigangi, eti?"

"Nitajiganga, mzee, mpaka uombe miwani ya jua."

"Mdomo huo! Ungekuwa brashi, mtaa mzima ungeshakauka."

Alikuwa anatania, lakini mimi si mtu wa kuchokozwa nikalala. Ijumaa mama alikwenda kumwangalia mama mdogo, aliyekuwa mgonjwa, arudi Jumamosi jioni. Vitambaa vya sare saba vilibaki mezani, havijakatwa. Alipopinda kona tu, nilivua shati.

Sikununua kitu ila gundi na balbu mbili. Nyeupe ilitoka kwenye mabaki ya ndoo tano za kazini. Niliyachanganya, nikayachuja kwa soksi kuukuu, nikatia manjano kidogo, kiasi cha kofia ya chupa, ili weupe usiwe wa baridi. Nilimwomba jirani ruhusa, nikaupaka na ukuta wake unaotazama dirisha letu, maana ukuta mweupe hurudisha jua ndani. Kioo cha kabati kilichovunjika mwaka jana nilikipanga vipande vipande juu ya ubao, nikakibandika mkabala na dirisha. Makopo ya maziwa nikayatoboa kwa msumari, matundu kwa mamia, yakawa vifuniko vya taa. Pazia la zambarau nikaligeuza tambara la kufutia sakafu. Mahali pake nikatundika jipya, la vipande vyepesi kutoka kapu la mabaki ya mama, nilivyoviunga mwenyewe kwa mkono. Mzee Soli aliushika mshono akasema, "Hapa mama yako alizaa fundi rangi tu."

Kilichonichosha kuliko vyote ni ukuta wa kando ya cherehani. Ulikuwa umejaa mikwaruzo kuanzia usawa wa kiti mpaka juu ya kichwa. Hayo yalikuwa maandishi ya mama. Aliyemfundisha kushona hakujua kusoma, akampa njia yake: kila mteja na alama yake, chini yake mistari na nukta. Mstari ni kumi, nukta ni moja. Bega, kifua, kiuno, urefu. Mama alimpima mtu mara moja tu maishani. Baada ya hapo alikuwa akimtazama mlangoni na kusema, "Umeongeza vidole viwili," na alikuwa hakosei. Ilikuwa fahari yake: "Mimi simpimi mtu mara mbili, kwani ni gunia?"

Lakini miaka miwili iliyopita nilimnunulia daftari, jalada gumu, nikamwomba ahamishe kila kitu humo. Akanishukuru, na usiku nikawa namwona akiandika. Kwa hiyo ukuta ule kwangu ulikuwa makovu tu. Nikauziba kwa jasi, nikaupiga msasa mpaka vumbi likanijaa kooni, nikapaka mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Nilipopitisha kiganja, ulikuwa laini kama yai. Nililala sakafuni na nguo zangu za kazi, nimechoka, najipenda.

Mama alirudi Jumamosi saa kumi, wakati jua liko kwenye ukuta wa jirani na chumba chote kinawaka. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Kweupe," alisema.

"Enhe?"

"Kweupe sana, baba. Mungu akuweke." Akageuza uso kuelekea dirishani. "Na pazia langu umeliacha. Umefanya vyema, nalipenda lile."

Pazia lake lilikuwa chini ya miguu yake, limelowa rangi. Nikajiambia amechoka na safari.

Akaenda kwenye cherehani bila kuangalia taa wala vioo. Akaketi, akavuta kitambaa cha kwanza na mkasi. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda ukutani, taratibu, vidole vimetangulia. Ukaenda kulia, ukarudi. Ukapanda, ukashuka. Ulikuwa kama sisimizi aliyefutiwa njia.

"Umepaka na hapa?"

"Na hapo, mama. Hapo ndipo nilipofanya kazi. Laini kama yai."

"Mikono mingapi?"

"Mitatu."

Akaweka mkasi chini. "Basi vipimo vimekwenda," alisema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo asiokuwa na nguvu ya kuubeba tena.

"Si vipo kwenye daftari?"

Nikalichukua daftari nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ulisomeka. Wa tatu, mistari ilikuwa inapanda milima. Wa sita, mistari ilikaliana, mmoja juu ya mwingine, mitatu au minne mahali pamoja, mpaka karatasi imechanika. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu.

Nikamtazama mama, na kwa mara ya kwanza nikayatazama macho yake badala ya kutazamwa nayo. Ndani ya weusi palikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Naona weupe na weusi. Wewe nakuona kama nguo iliyoanikwa."

"Na ukawa unaniambia giza la chumba!" Sauti ilinitoka, na nje nyundo ya Mzee Soli ikanyamaza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenipaka rangi machoni?"

Nikataka kucheka, nikataka kuvunja kitu, nikaishia kukaa chini kwenye lile tambara la zambarau. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Alinidanganya, nami nikamwamini kwa nguvu zangu zote, kwa jasi na msasa.

"Vidole vilikuwa vinanisomea," alisema. "Manesi wote walikuwa hapa. Sasa niwaite niwapime upya, waseme fundi amesahau, fundi amezeeka? Matroni akijua siioni hata sindano, atanipa sare gani tena?"

"Huyo matroni unamkumbuka?"

"Alama yake mwavuli." Akafikiri, vidole vikacheza juu ya paja. "Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane, ila hataki kisemwe."

Nikafungua droo ya cherehani nikatoa msumari, ule ule niliotobolea makopo. Ulikuwa wake, wa kuchorea. Nikapiga magoti mbele ya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nikachora mwavuli. Jasi ikamwagika mapajani kwangu. Mistari minne, nukta mbili. Mama akapitisha kidole.

"Ingiza msumari zaidi. Huyo bado mwembamba."

Nikaingiza zaidi. Akapapasa tena, akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono uliokuwa na msumari.

"Usimwambie mtu, baba. Niahidi."

Chumba kilikuwa kinawaka, kila kopo, kila kipande cha kioo, na mimi ndiye niliyekuwa nakiona peke yangu.

"Simwambii mtu, mama. Kesho nitawapitia manesi nyumbani kwao, niseme ni mimi niliyeharibu vipimo kwa rangi yangu, na huo si uongo. Wakija, wewe utashika futi, mimi nitaisoma na kuchora. Vile vipande vidogo vya sare nitakuunganishia mbele ya taa. Lakini Ijumaa sare zikishatoka, Jumamosi asubuhi tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na wewe, na huyo tutamwambia kila kitu. Nakuahidi."